SOMO LA WIKI: Reli ya Kigoma na mikopo ya serikali – nani hutia saini, nani hulipa

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za dagaa, migebuka, mawese, chumvi na saruji, pamoja na thamani ya shilingi kwa dola. Wiki hii tunaongeza somo juu ya jambo ambalo haliuzwi katika soko la Mwanga wala la Ujiji, lakini limo ndani ya karibu kila bei inayotajwa humo. Nalo ni mikopo ambayo serikali za nchi zinazoendelea huchukua katika masoko ya fedha ya nje.

Kuna watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Wizara ya Fedha na Benki Kuu, si ya mwuza vipuri wa Kigoma. Hesabu haikubali. Mwaka 2015 Tanzania ilianzisha tozo ya maendeleo ya reli, kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa nyingi zinazoingizwa kutoka nje. Mzigo wa vipuri wenye thamani ya sh. milioni 10 ulidaiwa hapo sh. 150,000. Aliyetoa fedha hizo forodhani aliziongeza kwenye bei, na mnunuzi akazilipa bila kuona stakabadhi. Kwa hiyo mfanyabiashara ni mmoja wa walipaji wa mikopo ya reli, apende asipende. Ni vyema basi aelewe biashara hii ilianzaje na inakwendaje.

Bahati nzuri hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Reli inayoishia katika stesheni ya Kigoma imepitia karibu kila aina ya mkopo ambao dunia imebuni.

HATI FUNGANI NI NINI?

Serikali inapotaka fedha nyingi kwa mara moja inaweza kwenda kwa mkopeshaji mmoja, au inaweza kuugawa mkopo katika vipande vidogo na kuviuza kwa watu wengi. Kila kipande ni hati fungani. Anayeinunua ameikopesha serikali. Kila mwaka analipwa riba, na muda ukiisha anarudishiwa fedha zake.

Hati hizo huuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine. Tuseme hati ya dola 100 inalipa riba ya dola 7 kwa mwaka. Wenye hati wakianza kuwa na wasiwasi na serikali hiyo wataiuza kwa dola 70. Mnunuzi mpya atapata dola 7 zile zile kwa fedha yake ya dola 70, yaani asilimia 10. Hapo serikali ikitaka kukopa tena, hakuna atakayeikopesha kwa asilimia 7 wakati sokoni anapata 10. Ndivyo wasiwasi wa watu wa London au New York unavyogeuka kuwa gharama kwa mlipa kodi wa Kasulu.

Katika kila mkopo, mwanafunzi wa somo hili atazame mambo matano: sarafu ya kulipia, riba, muda, dhamana, na mwisho mzigo, yaani mapato yatakayoulipa. Tutayaona yote matano katika historia.

MWANZO WAKE: LONDON, LIMA NA CAIRO

Soko la mikopo ya serikali changa lilipamba moto London kati ya 1822 na 1825. Nchi za Amerika ya Kusini zilikuwa zimejitoa katika utawala wa Hispania, na wenye fedha wa Uingereza walizikopesha kwa pupa. Pupa hiyo ilikuwa kubwa hata tapeli mmoja, Gregor MacGregor, aliweza mwaka 1822 kutangaza mkopo wa pauni 200,000 kwa jina la nchi ya Poyais, nchi ambayo haikuwapo duniani. Kabla ya muongo huo kwisha, Peru, Colombia, Mexico na karibu wenzao wote walikuwa wameshindwa kulipa. Brazil ndiyo iliyosimama.

Misri ilipata fundisho chungu zaidi. Ilikopa kwa miradi na kwa fahari, kwa riba kubwa. Mwaka 1875 iliuza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa serikali ya Uingereza kwa takriban pauni milioni 4. Mwaka uliofuata ilishindwa kulipa, na wakopeshaji wakaunda ofisi yao humo humo Cairo ya kukusanya mapato. Mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yaliingia nchini. Wahenga wetu walikwisha kusema: kukopa harusi, kulipa matanga.

MKOPO WA KWANZA WA RELI YETU

Wajerumani walipotaka kujenga reli kutoka Dar es Salaam, wenye mabenki wa Berlin hawakuwa tayari kuweka fedha zao bila kinga. Mwaka 1904 iliundwa Kampuni ya Reli ya Afrika Mashariki kwa mtaji wa marki milioni 21, ikiongozwa na kundi la Deutsche Bank. Serikali kuu ya Ujerumani iliwahakikishia wenye fedha riba ya asilimia 3, reli ipate faida au isipate. Hii ndiyo dhamana: aliyekopesha hakuiangalia Tanganyika, aliiangalia hazina ya Berlin.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 1908 Bunge la Ujerumani liliruhusu makoloni yakope kwa hati fungani zenye dhamana ya serikali kuu, na fedha zikapatikana za kusonga mbele. Tabora ilifikiwa 1912, na Februari 1914 reli ikafika Kigoma, kilomita takriban 1,250 kutoka pwani. Hesabu ya wajenzi ilikuwa kwamba bidhaa za ziwa zima, pamoja na zile za Kongo, zitashuka hapa na kulipa gharama.

Miezi sita baadaye vita vikaanza. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kuletwa vipande vipande kwa reli hiyo, iliingia majini Kigoma mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, na Wabelgiji wakauteka mji. Waingereza walikabidhiwa Kigoma mwaka 1921. Meli ikainuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Je, deni lilikwenda wapi? Mkataba wa Versailles wa 1919 ulisema wazi kwamba nchi zilizotolewa mikononi mwa Ujerumani na kuwekwa chini ya udhamini hazitabeba sehemu yoyote ya deni la serikali ya Ujerumani. Reli ikabaki Tanganyika, deni likabaki Berlin. Kisha mfumuko wa bei wa 1923 uliiua marki, na hati zilizoandikwa kwa marki zikawa karatasi. Raia wa Ujerumani aliyeweka akiba yake katika hati hizo ndiye aliyeula hasara.

Lakini msomaji asifurahi haraka. Mkopo huo ulifutwa na vita, wala haukulipwa na mzigo. Hiyo si njia ya kuendesha biashara, na haikutokea tena.

WAINGEREZA NA RELI ZISIZO NA MZIGO

Chini ya Waingereza, Tanganyika ilikopa London. Mwaka 1926 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhamini mikopo ya hadi pauni milioni 10 kwa nchi zake za Afrika Mashariki. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Reli hiyo ilikuta pamba na watu wengi, ikapata cha kubeba.

Haikuwa hivyo kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilijengwa tawi kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Mzigo haukupatikana, na katika miaka ya 1940 reli hiyo iling'olewa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikajengwa nyingine huko Kusini kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Karanga hazikuota kama ilivyopangwa, na reli ya Mtwara ikafungwa mwaka 1962.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa la somo hili. Taruma na vyuma vinaweza kung'olewa kwa wiki chache. Gharama iliyokwisha kutumika haing'oki. Reli isiyo na mzigo huacha bili kwa mtu mwingine, awe mlipa kodi wa nchi au mkulima wa wilaya nyingine kabisa.

BENKI YA DUNIA NA UGAWAJI WA MADENI

Mwaka 1955 Benki ya Dunia iliikopesha Afrika Mashariki dola milioni 24 kwa ajili ya reli na bandari, Uingereza ikiwa mdhamini. Hii ilikuwa aina nyingine ya mkopeshaji: benki inayokopa yenyewe katika masoko ya dunia kwa jina lake zuri, kisha kuzikopesha serikali.

Baada ya uhuru mikopo ya namna hiyo ilichukuliwa na mashirika ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 likazuka swali: deni la shirika lililokufa ni la nani? Msuluhishi, Dk. Victor Umbricht wa Uswisi, alihangaika nalo kwa miaka. Makubaliano yalitiwa saini Mei 1984. Mali na madeni vikagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Vichwa vya treni viligawanywa mara moja tu, lakini madeni yaliendelea kulipwa mwaka hadi mwaka.

MIAKA YA SHILINGI KUSHUKA

Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, mabenki makubwa ya Ulaya na Marekani yalijaa fedha za nchi za mafuta, yakazikopesha serikali za Amerika ya Kusini, Asia na Afrika kwa riba inayopanda na kushuka. Mwaka 1981 riba za Marekani zilikaribia asilimia 20. Agosti 1982 Mexico ikatangaza kuwa haiwezi kulipa, na nchi nyingi zikafuata.

Tanzania ilikuwa imekopa zaidi kutoka serikali nyingine na Benki ya Dunia kuliko kutoka mabenki ya biashara, lakini haikunusurika. Mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vya 1978–79 viligharimu fedha nyingi, na mauzo ya nje yalidorora. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na mwaka huo huo wadai wa Klabu ya Paris wakakubali kuahirisha malipo.

Tazama sasa jambo la sarafu. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa kama sh. 17. Mwisho wa mwaka huo ilipita sh. 50, na katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa karibu sh. 600. Deni la dola milioni 1 lililokuwa sh. milioni 17 likawa sh. milioni 600, bila serikali kukopa hata senti moja zaidi. Anayekopa kwa dola na kukusanya kodi kwa shilingi anabeba hatari mbili kwa wakati mmoja.

Nafuu ilipatikana Novemba 2001, Tanzania ilipotimiza masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa na kupewa msamaha wa malipo ya takriban dola bilioni 3 kwa miaka iliyofuata. Mwaka 2006 madeni zaidi ya IMF, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika yalifutwa.

NG'AMBO YA ZIWA: MPULUNGU INATUFUNDISHA NINI

Ukishuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Mpulungu unaingia Zambia, na huko kuna mfano wa karibu wa mikopo ya zama hizi.

Mwaka 1979 Zambia ilinunua matrekta kutoka Romania kwa mkopo. Deni hilo halikulipwa kama lilivyopangwa. Mwaka 1999 kampuni ya watu binafsi, Donegal, ililinunua kwa dola milioni 3.3, kisha ikaidai Zambia dola milioni 55. Mwaka 2007 mahakama ya London iliipa kampuni hiyo takriban dola milioni 15. Hivyo deni pia huuzwa, na aliyekukopesha jana siye lazima atakayebisha hodi kesho.

Baada ya kusamehewa madeni, Zambia ilirudi sokoni. Iliuza hati fungani za dola milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014 na bilioni 1.25 mwaka 2015. Bei ya shaba iliporomoka, kwacha ikashuka. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushindwa kulipa hati fungani zake katika kipindi cha korona. Makubaliano mapya na wenye hati yalikamilika mwaka 2024.

TANZANIA NAYO YARUDI SOKONI

Mwaka 2013 Tanzania ilikopa dola milioni 600 kwa miaka 7 kupitia Standard Bank ya London na Stanbic ya Dar es Salaam. Riba ilikuwa asilimia 6 juu ya riba ya London iliyoitwa Libor. Riba hiyo ilikuwa ya kubadilika: Libor ikipanda kwa asilimia 1, mlipa kodi anaongeza dola milioni 6 kwa mwaka juu ya deni zima.

Gharama ya kuutafuta mkopo ilikuwa asilimia 2.4, sawa na dola milioni 14.4. Katika hizo, dola milioni 6 zilikwenda kwa kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo wachunguzi wa Uingereza hawakuona ushahidi kuwa ilifanya kazi yoyote. Novemba 2015, kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama ya London, benki hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa ICBC Standard Bank, ilikubali kuirudishia Tanzania dola hizo milioni 6 pamoja na riba. Mfanyabiashara yeyote anajua kuwa udalali hupunguza faida. Katika mkopo wa serikali udalali huo hulipwa na watu wasioujua.

Muda wa mkopo ulikwisha mwaka 2020. Dola iliyokuwa kama sh. 1,600 wakati wa kukopa ilikuwa kama sh. 2,300 wakati wa kumaliza.

Mwezi Februari mwaka huo huo, mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioongozwa na Standard Chartered ulitiwa saini kwa ajili ya reli mpya ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora. Treni za abiria zilianza hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Kwa upande wetu, Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga kipande cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, kwa dola bilioni 2.2. Aidha, Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban dola milioni 696 za kusaidia reli ya Tanzania na Burundi, yenye njia ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, kwenye hazina kubwa ya nikeli.

MZIGO NDIO UNAOLIPA

Tukiyaweka yote pamoja tunaona jambo moja. Aliyetia saini Berlin mwaka 1904 siye aliyelipa. Aliyetia saini kwa niaba ya Jumuiya siye aliyelipa. Mara nyingi anayelipa hakuwapo mezani. Kinga ya huyo asiyekuwapo ni mzigo: treni ikipanda imejaa saruji na mafuta ya Bujumbura na Kalemie, na ikishuka imejaa madini na mazao, nauli ya mzigo italipa deni. Ikishuka tupu, deni litalipwa kwa tozo forodhani, na tozo italipwa Mwanga na Ujiji.

Kwa hiyo, habari ya mkopo mpya ikitangazwa, msomaji wetu asiishie kwenye ukubwa wa fedha. Aulize:

1. Ni wa sarafu gani, na mapato ya mradi ni ya sarafu gani?
2. Riba ni ya kudumu au ya kubadilika?
3. Malipo yanaanza lini: kabla ya treni kutembea au baada?
4. Nani mdhamini, na ameweka nini rehani?
5. Gharama za udalali ni kiasi gani, na zinakwenda kwa nani?
6. Mzigo uko wapi, na nani ameahidi kuuleta?

Swali la sita wakubwa hawawezi kulijibu peke yao. Wenye maghala ya bandarini, wenye mashua za Kibirizi, wanunuzi wa mawese na wauzaji wa chumvi ya Uvinza ndio wanaojua mzigo uliopo na unaokosekana. Chama cha wafanyabiashara kikikaa na uongozi wa reli kikiwa na hesabu ya tani mkononi, kitakuwa kinasaidia kulipa deni la taifa kuliko hotuba nyingi.

ZOEZI LA KUJIPIMA

(a) Serikali imekopa dola milioni 10 dola ikiwa sh. 2,000. Wakati wa kulipa dola ni sh. 2,500. Deni limeongezeka kwa shilingi ngapi, mbali na riba?

(b) Hati fungani ya dola 100 inayolipa dola 8 kwa mwaka inauzwa dola 80. Mnunuzi anapata asilimia ngapi?

(c) Taja reli mbili za Tanzania zilizong'olewa au kufungwa kwa kukosa mzigo, na sababu zake.

Majibu: (a) sh. bilioni 5. (b) asilimia 10. (c) Manyoni–Kinyangiri, iliyokosa mzigo wa kutosha. Na Mtwara–Nachingwea, iliyoutegemea mradi wa karanga ulioshindwa.